Babu Aliyesomea Ubavuni

Nikisikia harufu ya lituma inayoungua kidogo chini ya sufuria, ndizi na muhogo na mawese, huwa naiona sahani ya Babu. Si sahani nzima. Naona nusu yake, ile ya kushoto, imebaki kama ilivyopakuliwa, samaki na jicho lake, pilipili pembeni, na nusu ya kulia imefutwa mpaka bati linang'aa. Ninyi wa rika langu mliokulia Kisangani mnazikumbuka sahani zile za bati zenye ukingo wa buluu. Basi nusu ile ya kushoto ilikuwa yangu. Nilikula vizuri siku zile, wallahi, sijapata tena kula hivyo hata nilipoolewa.

Babu alipatwa na kiharusi asubuhi moja akitawadha. Alianguka kando ya birika, mdomo ukapinda, mkono wa kushoto ukalegea, nasi tukalia tukijua amekwenda. Hakwenda. Polepole akarudi kukaa barazani, mdomo umenyooka, maneno yake yote anayo, matani yake yote anayo, miguu inamfikisha msikitini akishikwa kidogo. Jirani yetu aliyefanya kazi hospitali alimpima macho, akasema macho ni mazima. Lakini upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umemtoka. Hakuwa kipofu wa upande ule. Ukimgeuza kichwa aliona kila kitu. Ila mwenyewe hakukumbuka kwamba upande huo upo. Alivaa kanzu mkono mmoja, ule wa pili ukaning'inia mgongoni. Alichana ndevu za kulia tu. Kila siku aligonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto, na kila siku aliuliza ni nani aliyeuhamisha mlango. Ukikaa kushoto kwake ukamsalimu, aliitikia vizuri kabisa huku akitazama kulia, akimtafuta mtu ukutani.

Watu wazima walihuzunika. Mimi nilishangilia, na nilikuwa na sababu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulikuwa tumetoka kufundishwa kwamba kila mtu ana malaika wawili, wa kulia anaandika mema, wa kushoto anaandika maovu. Nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya kitoto: Babu haoni kitu kushoto kwa sababu hakuna kitu kushoto. Malaika wake wa dhambi amemaliza kazi, ameitwa juu. Babu amekuwa walii angali hai, na chakula kinachobaki upande ule ni baraka tupu! Nikawatangazia watoto wa mtaa. Wakaja wawili na mikono imenawa, wanataka baraka, na Bibi akawatimua kwa mwiko.

Siku moja nilimwuliza mwenyewe. Nilikuwa nimejipanga kushoto kwake, mkono kwenye sahani.

"Babu, malaika yako ya kushoto alienda wapi?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Iko, mjukuu wangu. Iko anaandika. Mimi ndiye nimekosa adabu, simwangalii." Halafu akapangusa machozi, akaongeza, "Na wako naye anaandika ni nani anakula samaki yangu."

Jioni ile sikula. Kesho yake nikaendelea, maana Bibi alisema bora nile mimi kuliko paka.

Sasa, jambo lililotaka kutuharibia furaha lilikuwa wasia. Ukoo wetu ni wa wale waliofika na misafara kutoka mashariki zamani za mababu, na kulikuwa na desturi tulizozishika kwa meno. Moja ilikuwa hii: kabla ya ndoa kufungwa, baba wa bibi harusi husoma mbele ya watu wasia aliomwandikia binti yake kwa mkono wake mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto. Ndani yake kuna mashauri ya kuishi na mume, na ya mama mkwe, na ya jikoni. Mstari wa mwisho ni ule ule kwa kila binti: *Na mimi baba yako niko.* Bibi alikuwa akisema mashauri ni mapambo, mstari ule ndio wasia. Mwanamke aliyeusikia anajua ana pa kurudi. Baba akiwa amekufa, anayesoma badala yake huuruka mstari ule, maana atasemaje yuko? Na hapo bibi harusi huko ndani hulia kilio kingine, kwa sababu ni kama baba yake amezikwa mara ya pili.

Babu alikuwa amewasomea binti zake wakubwa. Alibaki kitinda mimba, Shangazi Zaituni, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye maporomoko ya mto. Alikuwa ameposwa na Ramazani, kijana wa Yanonge, watu wa kuleta samaki wakavu mjini. Babu alikuwa ameuandika wasia wa Zaituni kabla hajaugua, karatasi moja pana, ikalala sandukuni kusubiri siku. Siku ikakaribia. Papa yangu, yaani baba yangu, ambaye ndiye mwana wa kwanza wa nyumba, akaitoa karatasi, akaiweka mbele ya Babu, akamwambia, "Papa, jaribu."

Kidesturi binti haruhusiwi kuusikia wasia wake kabla ya siku. Kwa hiyo Shangazi Zaituni alikwenda nyuma ya ukuta, akabandika sikio.

Babu akakohoa, akashika karatasi, akasoma kwa sauti yake ile ya msikitini:

"Mume wako akirudi amechoka, usimpige. Mpe maji ya kuoga na... mama mkwe wako. Umheshimu, usimfanye..."

Nyuma ya ukuta kicheko kikapasuka. Bibi naye akaficha uso ndani ya kanga. Papa alijikaza, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Babu peke yake hakucheka. Alituangalia sisi wa upande wa kulia kwa hasira, akauliza tunachekea nini maneno ya heshima. Kwa maana alianza kila mstari pale pale pa kuanzia, kulia, akatembea nao vizuri, halafu kabla mstari haujaisha yeye aliona umeisha, akashuka kwenye ule wa chini. Mikia yote ya mistari ilibaki kushoto kama samaki kwenye sahani.

"Papa, umeacha maneno," papa yangu akasema.

"Nimesoma yote! Masikio yenu ndiyo yana nusu."

Basi kicheko cha nyuma ya ukuta kikageuka. Tukamsikia Shangazi analia, kilio cha kweli. Bibi akamfuata. Nilikuwa sijawahi kumsikia Shangazi analia, nikaogopa kuliko siku Babu alipoanguka.

Papa hakukata tamaa upesi. Alimnunulia Babu miwani kwa mfanyabiashara mmoja sokoni, na Babu akaiona nusu ya kulia ya dunia vizuri zaidi. Alimwomba ayaseme maneno kwa moyo, bila karatasi. Babu akakataa kabisa: wasia husomwa, akiyasema kwa moyo, wageni watasema mzee anaota. Papa alijaribu kumshika kichwa na kukigeuza kwenye kila mkia wa mstari, mpaka Babu akauliza kama yeye ni mbuzi anayepelekwa mnadani.

Habari zikashuka na mto mpaka Yanonge, na jibu likapanda. Mzee Sefu, tonton wa bwana harusi, yaani mjomba wake, alituma salamu nyingi na shauri moja: tusimtese mzee mgonjwa, mwalimu wa msikiti asome badala yake. Aliyeleta salamu alikuwa bado ana kikombe cha chai mkononi Shangazi Zaituni alipotoka jikoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Bon," akasema. "Mwambieni Mzee Sefu aoe yeye. Papa yangu iko hai. Mimi sitaingia mu mutumbwi yao kama yatima."

"Zaituni!" Bibi akamkemea.

"Mama, mwalimu atasema nini kwa mustari ya mwisho? Atasema yeye ndiye papa yangu? Papa akisoma, naenda. Asiposoma, siendi. Nimemaliza."

Na kila mtu pale alijua amemaliza kweli. Alikuwa anampenda Ramazani, sote tulijua, alikuwa anajipaka marashi hata kwenda kuteka maji siku ambazo mitumbwi ya Yanonge ilikuwa imefika. Ndiyo maana ilituuma. Mbuzi walikuwa wameshafungwa uani, mchele umeshachaguliwa, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa kunyata.

Halafu ikaja alasiri moja baada ya mvua. Bibi na Shangazi walikuwa uani wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na mimi nimekaa mkekani na Babu, ana kwa ana, tunamenya karanga. Aliweza kuzimenya kwa mkono wa kulia na meno.

"Salama, mjukuu wangu," akaniambia, "lete karatasi ile tena. Leo itanijua mimi ni nani."

Nikaileta. Jamani, mimi chuoni herufi nilizijua kwa kuimba tu. Kwenye karatasi zilikuwa siafu, sikujua kichwa wala mkia. Nikaiweka mkekani kama ilivyoangukia. Iliangukia upande: pale mistari inapoanzia pakawa karibu na tumbo la Babu, na mistari yenyewe ikaondoka kwake kwenda mbele, kuja kwangu.

Bibi aliniona kutoka uani. Hajui kusoma, lakini alijua karatasi inakaaje. "We mutoto! Unamuwekea babu yako karatasi kama unatandika mukeka!"

Babu aliinamisha kichwa. Akaweka kidole kwenye ukingo wa karatasi uliokuwa karibu na tumbo lake, akaanza kukisukuma mbele, polepole, polepole, na sauti ikatoka nyembamba, si ile ya msikitini, sauti ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu mwenye fimbo:

"Mume wako akirudi amechoka, usimpige... maswali kabla hajakaa."

Mchi ukasimama.

"Mpe maji ya kuoga na... chakula cha moto kwanza. Mama mkwe wako umheshimu, usimfanye... adui wa nyumba yako."

Bibi alikaa chini palepale alipokuwa, na palepale palikuwa na ungo wa sombe. Shangazi Zaituni akapiga kofi mdomoni kwake mwenyewe, kwa sababu kidesturi hakuwa anasikia. Mimi nikadhani nimefanya kosa kubwa, nikanyoosha mkono niigeuze karatasi, na Babu akanipiga kidole.

"Acha! Hapa ndipo mahali pangu." Alianza kucheka. "Wallahi, hapa ndipo mahali pangu!"

Akatueleza, na kila baada ya maneno machache anacheka tena. Alipokuwa mdogo, ubao wa kusomea ulikuwa mmoja kwa watoto wanne. Kaka yake, mwenye ubao, alikaa mbele ya maandishi kama sultani. Wengine walikaa kuzunguka, kila mmoja akasoma kutokea alipo. Babu, mdogo kuliko wote, alibanwa ubavuni, upande wa kulia, na huko ndiko alikojifunza kila herufi, zimelala. Siku alipopata ubao wake mwenyewe aliuweka upande, mwalimu akamchapa mpaka akanyooka. Tangu siku ile amesoma kama watu wote. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ana usomaji mwingine, wa chini, wa utotoni, na ugonjwa haukuufikia.

Maana mistari sasa ilikuwa haiendi kushoto. Ilikwenda mbele, na mbele yake ilikuwa nzima! Tatizo lilibaki moja. Kwa jinsi karatasi ilivyolala, mstari wa kwanza ulikuwa kulia na wa mwisho kushoto kabisa, hivyo alivyozidi kusoma ndivyo mistari ilivyozidi kuingia kwenye upande wake uliopotea. Nikagundua kwamba nikiivuta karatasi kidogo kwenda kulia kwake, anasema, "Ah, kumbe iko ingine," anaendelea. Ndivyo nilivyopata kazi. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile maishani: mvutaji wa karatasi.

Tulifanya mazoezi kila alasiri. Nikivuta haraka, anaruka mstari. Nikichelewa, ananiambia nimelala. Lakini mstari wa mwisho hatukuujaribu. Bibi alikataa. "Ule ni wa siku yake," akasema. "Ukisemwa leo, kesho utakuwa umepoa." Kwa hiyo hakuna aliyejua kama Babu atafika pale, kwenye ukingo wa mwisho kabisa wa kushoto. Shangazi Zaituni alianza tena kucheka, lakini nilimwona usiku anaomba dua ndefu kuliko kawaida yake.

Siku ikafika. Wanaume wakajaa uani kwenye mikeka, wanawake ndani na bibi harusi, pazia la kanga mpya mlangoni. Mimi peke yangu, kwa sababu ya cheo changu, niliruhusiwa kukaa kwa wanaume, nguo yenye mikunjo inanichoma shingo. Mbele ya Babu kulikuwa na ubao mpana juu ya kigoda, na karatasi juu ya ubao, imelala upande. Mbele kabisa, ana kwa ana naye, alikaa Mzee Sefu wa Yanonge, mwili mkubwa, tarabushi nyekundu, mwavuli ambao hakuuachia hata kivulini.

Mzee Sefu aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Kwa upole wa mtu anayemfichia mwenzake aibu, akanyoosha mkono, akaigeuza ikae sawa.

Na Babu, ambaye alikuwa ameshavuta pumzi, akasoma alichokiona. "Mume wako akirudi amechoka, usimpige. Mpe maji ya kuoga na mama mkwe wako."

Uwanja ukalipuka. Nyuma ya pazia tukasikia sauti ya mama wa bwana harusi: "Aka! Nani ananipeleka bafuni?"

Nikaigeuza karatasi. Mzee Sefu akaigeuza tena. "Mutoto, heshimu karatasi ya bakubwa," akasema kwa meno. Nikaigeuza. Akaishika. Papa yangu alikuwa anainuka, uso unamvuja jasho, na ndani ya nyumba kicheko cha wanawake kilikuwa kimekatika ghafla, kwa hiyo nikajua Shangazi anasikiliza. Nikapiga kelele, mimi mtoto wa kike mbele ya wanaume wote wale:

"Muache! Babu alisomea ubavuni!"

Mkono wa Mzee Sefu ukabaki juu ya karatasi.

"Ubavuni?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi. "Ubavu gani?"

"Wa kulia," Babu akamjibu. "Ubao ulikuwa wa kaka yangu."

Mzee Sefu akauweka mwavuli chini. Uso wake ulianza kupasuka kutokea kwenye macho. "Mimi nilikuwa wa mbele," akasema. "Mbele ya mwenye ubao. Mpaka leo, mzee mwenzangu, kama hakuna mutu ananiangalia, nasoma karatasi kichwa chini."

Lo! Ungewasikia wazee wale. Kumbe kila mmoja alikuwa na ubavu wake! Mmoja alisomea kushoto, akakiri kwamba anapenda kulala ubavu akisoma. Mwingine alisomea nyuma ya migongo ya wenzake, akasema ndiyo maana shingo yake ni ndefu, na watu wakaitazama shingo ile wakakubali. Mwalimu wa msikiti mwenyewe alisema yake, kwa sauti ndogo. Watu wenye mvi walisukumana kwa viwiko kama wako chuoni. Mzee Sefu akaigeuza karatasi kwa mikono yake miwili, akaiweka upande, akaushika ubao usitikisike.

"Bon," akasema. "Soma, wa ubavuni."

Babu akaanza upya. Safari hii maswali yalikuja mahali pake, na chakula cha moto mahali pake, na mama mkwe akaheshimiwa bila kuogeshwa. Alisoma na mimi nikavuta. Akasoma shauri la kutoficha chungu kilichoungua, shauri la kutolala na hasira, shauri la kumpokea mgeni hata kama sufuria imeshaoshwa. Nilikuwa natazama kidole chake tu, kinatoka tumboni kwenda mbele, kinarudi, kinakwenda. Halafu kikarudi, kikatulia. Babu akapangusa midomo. Kwake yeye karatasi ilikuwa imeisha.

Mtu mmoja nyuma akaanza, "Amin..."

Nikavuta. Karatasi haikuja. Kiwiko cha Mzee Sefu kilikuwa kimeikalia.

"Tonton, mukono!"

Akauondoa kama ameungua. Nikavuta kwa mikono miwili, mpaka karatasi ikatoka kwenye ubao ikaja juu ya goti la kulia la Babu, na kule ukingoni, peke yake, kulikuwa na mstari mfupi. Babu akashusha macho. Akautazama muda mrefu. Kidole chake kikaenda kwenye goti, mahali pa kuanzia.

"Na mimi," akasema. Akarudia, kwa sauti ile ya msikitini, sauti nzima. "Na mimi baba yako niko."

"Uko, papa!" Shangazi Zaituni akapaza sauti nyuma ya pazia, analia na kucheka pamoja. "Nakusikia, papa, uko!"

Na kidesturi bibi harusi hana ruhusa ya kusema neno siku ile mpaka aulizwe, na mashahidi hawakuwa hata wameinuka kwenda kumwuliza kama anakubali.